Sura ya Saba: Kona Iliyokataa Kuchanua

Charlène alivunja jani moja, akalinusa, akaligeuza upande wa chini, kisha akampa Inspekta Apollinaire alishike mwenyewe.

"Papa inspecteur, hapa hakuna dawa," alisema. "Dawa ya kuua majani inaunguzaka. Jani linajikunja, shina linaoza. Angalia hii. Huu mumea uko na afya kunipita mimi."

Apollinaire aliliangalia jani. Lilikuwa nene, la kijani kibichi, limesimama wima mkononi mwake kama halina habari na mashitaka ya mtu yeyote. Alihisi masikio yake yamepata moto.

Walikuwa ndani ya serre ya Maman Martine, ile nyumba ndefu ya plastiki iliyokaa ukingoni mwa Bagira, pale nyumba za watu zinapokwisha na mashamba ya mihogo yanapoanza. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikuwa mlangoni, na kwa watu wa Bukavu hiyo ni sikukuu ya krizantemu. Hakuna mjane anayetaka kufika kaburini kwa mumewe mikono mitupu siku ambayo majirani wote wapo pale wakiangalia nani ameleta nini. Karibu serre nzima ilikuwa imechanua, nyeupe na manjano toka mlangoni mpaka nyuma. Kona moja tu, ya upande wa kilimani, ndiyo iliyokataa. Pale krizantemu zilikuwa zimerefuka na kunona, na hazikuwa na tumba hata moja.

Kwa ajili ya kona hiyo Apollinaire alikuwa amemfunga mtu.

Mtu huyo ni Cyprien, sentinelle wa Maman Martine tangu siku za marehemu mumewe. Maman alisema Cyprien ameyapulizia maua dawa kwa hasira, kwa kuwa alinyimwa ruhusa ya kwenda kuandaa sherehe ya mahari ya binti yake. Apollinaire akaingia kibandani mwa mlinzi, akakuta pompe ya kupulizia dawa ya kuua majani nyuma ya mlango, na upelelezi wake ukaishia hapo. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Akamkalisha Cyprien chini nyuma ya pick-up, pompe mapajani, akampitisha katikati ya soko la Bagira saa ambayo soko limefurika. Elodie, binti mwenyewe wa mahari, alikuwa pale anapima sambaza, vile visamaki vya ziwani. Aliweka kopo chini taratibu, akajifunika uso kwa kitenge. Apollinaire alimwona, na dereva alipouliza kama aongeze mwendo, alimjibu aende polepole, watu wajifunze.

Polepole, watu wajifunze. Maneno hayo sasa yalikuwa yanamrudia kama chakula kilichochacha.

Wakwe, watu wa Nyantende, walikwisha kutuma neno kwamba Jumamosi hawatakuja kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, katika nyumba ya mharibifu. Na kesho asubuhi Cyprien alikuwa apelekwe parquet, mbele ya mwendesha mashitaka, na kutoka huko gerezani, ambako mtu huingia kwa siku moja na kutoka Mungu akikumbuka. Kilichokuwa kimebaki ni ushahidi wa mtaalamu tu kwamba maua yalipuliziwa sumu. Ndiyo maana alimwita Charlène, agronome kijana aliyezoea kuzunguka mashamba ya Kabare na buti zake. Alitaka athibitishe. Hakumwita amvue nguo.

"Kama si dawa, ni nini?" aliuliza.

Charlène alinyoosha kidole. Juu ya kona ile plastiki ilikuwa imechanika, mpasuko mrefu unaopepea. "Pengine ni baridi. Krizantemu haipendi baridi kali ya usiku, na haipendi joto kali pia. Yote mbili inachelewesha maua. Huku Bagira upepo wa usiku unakataka."

Apollinaire alishusha pumzi. Upepo hauna mdomo wa kumshitaki polisi. Angemfungua Cyprien, angesema upepo umefanya kosa, kila mtu angerudi kwake. Lakini alikuwa amekwisha kuharakisha mara moja na alijua ladha yake, basi akaanza kutembea. Alipita matuta yote, mikono mgongoni, akiangalia juu badala ya chini. Upande wa ziwa alikuta mpasuko mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Chini yake krizantemu nyeupe zilikuwa zimechanua kama kawaida, ila ncha za petali zilikuwa zimeingia rangi ya waridi.

"Charlène, kuja uone. Hizi ziko namna gani?"

Msichana aliinama, akatabasamu kwa haya kidogo. "Hapa njo baridi inaingia kabisa. Nyeupe ikipigwa na baridi inakuwaka rose hivi. Lakini imechanua, eh? Basi nilisema vibaya. Si baridi."

"Sasa?"

"Sasa inabaki kitu moja tu, inspecteur. Mwangaza." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Hii mumea haiangalie muchana. Inapima giza. Usiku ukiwa murefu, bila kukatwa, inasema saa imefika, inatoa tumba. Kule Ulaya inangojaka mpaka mwisho wa kiangazi. Huku kwetu usiku ni murefu mwaka muzima, ingeweza kuchanua ingali fupi kama kidole. Ju ya ile, wakulima wanawasha ampoule katikati ya usiku ili kuidanganya. Inafikiri usiku ni mufupi, inarefuka tu. Shina likifika, wanazima ampoule, na maua inakuja."

"Na mtu akisahau kuzima?"

"Inabaki vile unaona hapa. Inanona, inarefuka, hakuna ua."

Waliangalia juu pamoja. Nyaya zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Apollinaire alikwenda stoo iliyo mlangoni, akazikuta ampoule zote zimefungwa kwenye magazeti, vumbi limekaa juu yake. Mtu aliyezifunga alikuwa amefanya kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa ya Cyprien.

Maman Martine alikuwa barazani, ameandaa chai na maandazi kwa ajili ya wageni wa serikali. Alikuwa mjane mwenye mwili na heshima yake, kiongozi wa akina mama wa parokia, mtu ambaye kanisani watu humwachia nafasi bila kuombwa. Nyuma yake, kupitia mlango wa sebule, ilionekana picha kubwa ya mwanawe Xavier akiwa katika theluji na kofia ya manyoya. Apollinaire aliijua picha hiyo. Alikuwapo kwenye misa ya kumuaga Xavier alipokwenda Ulaya kusoma. Shirika zima la parokia lilichanga, mbuzi wakachinjwa, na yeye mwenyewe alicheza mpaka viatu vikamshinda.

"Maman Martine, munifundishe kidogo," alisema akipokea kikombe. "Krizantemu inataka nini ili ichanue?"

"Wee, papa inspecteur. Inataka udongo muzuri. Mbolea. Maji, lakini si mingi. Baridi isizidi, joto isizidi."

"Na nini ingine?"

"Na kumuomba Mungu."

"Ni hayo tu?"

"Njo hayo."

Apollinaire alipuliza chai yake, akamwachia nafasi. Watu wengi hawawezi kuona kimya kikikaa bure, hukijaza. Maman Martine alichukua kijiko akakoroga chai yake, akakoroga tena. Hakuwa ametia sukari.

"Na zile ampoule mulizofunga mu magazeti, ni za nini?"

"Ni za kuangazia." Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe. "Inspecteur, yule mutu alikubali kosa ao hakukubali?"

"Hakukubali. Na hakukataa vizuri. Nilimuuliza kama kuna mutu mwingine mu parcelle, hapa kwenu, akasema hapana, kisha akaangalia chini."

"Muliona basi."

"Niliona," alisema Apollinaire, akaweka kikombe chake kikiwa kimejaa.

Mama aliyelima maua miaka yote hiyo, aliyesomesha watoto kwa maua, alikuwa ametaja udongo, maji, baridi, joto na Mungu, akaruka giza. Mpishi hasahau moto. Apollinaire alirudi ndani ya serre na kwa mara ya kwanza aliitazama kona ile kama mahali pa tukio. Aibu ilimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi aliyopaswa kuifanya siku ile ya kwanza, kabla ya pick-up, kabla ya soko.

Kijani kile hakikuwa duara wala mraba. Kilianza chembamba pale chini ya mpasuko wa plastiki, kikaenda kikipanuka kuelekea katikati, kama upepeo uliokunjuliwa. Na ndani yake kulikuwa na pipa la maji. Mbele ya pipa, upande wa mpasuko, hakukuwa na ua hata moja. Nyuma ya pipa, kulikuwa na ukanda mwembamba wa krizantemu za manjano zilizochanua vizuri, zimezungukwa na kijani pande zote mbili.

"Charlène, ile ni nini?"

Aliinama akaangalia, kisha akapiga ulimi. "Kivuli. Zile za nyuma ya pipa zilipata giza yao."

Kulikuwa na kamba ya kunyooshea matuta imetundikwa kwenye nguzo. Apollinaire alimpa Charlène ncha moja, akamsimamisha kwenye ukingo mmoja wa ukanda wa manjano, akanyoosha kamba ikigusa ubavu wa pipa, akaipitisha kwenye mpasuko na kutoka nje. Akafanya vilevile kwa ubavu wa pili. Mistari yote miwili ilikwenda kukutana kwenye dirisha dogo la annexe, chumba cha matofali kilichoegemea kilima nyuma ya serre. Alipokuja mara ya kwanza aliuliza chumba kile ni cha nini. Maman Martine alisema ni depo ya mbolea, na yeye hakufungua, kwa sababu mtu hapekui nyumba ya kiongozi wa akina mama wa parokia. Nyumba ya sentinelle ndiyo hupekuliwa.

Alizunguka mpaka chini ya dirisha. Kufuli la mlango lilikuwa linaning'inia, halikufungwa. Kwenye majani, chini kabisa ya dirisha, kulikuwa na madoa meupe mengi, mengine makavu, moja bichi bado. Alichovya kidole, akanusa. Ilikuwa dawa ya meno. Mbolea haipigi mswaki.

"Inspecteur." Maman Martine alikuwa amekuja mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. "Inspecteur, muache. Ile mulango haina kitu. Minakuomba kwa jina la Bikira Maria, muache."

Apollinaire alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Aliyesimama pale alikuwa na ndevu zilizoota ovyo na sweta ya baridi iliyomzidi, lakini macho yalikuwa ya Xavier, yale yale ya kwenye picha. Nyuma yake palikuwa na kitanda, sahani iliyofunikwa, na taa ya sola juu ya meza, imeelekezwa dirishani. Ilikuwa inawaka mchana kweupe.

"Bonjour, tonton Apollinaire," alisema kijana. Aliangalia miguu yake mwenyewe. "Mulicheza vizuri siku ile. Ninakumbukaka."

Apollinaire alikuwa bado ameshika kamba. "Ulirudi lini?"

"Walinirudisha. Masomo ilinishinda mwaka wa kwanza, makaratasi ikaisha, nikajificha, wakanikamata. Kule walikuwa wanatufungia, taa hazizimikaka. Usiku na muchana, taa tu. Sasa giza ikiingia siwezi kulala. Ninaona kama mutu amekaa pale." Akainua uso. "Ni nini inspecteur? Ju ya nini munashika kamba?"

Hakujua. Hilo lilionekana wazi. Alikuwa ndani ya kile chumba, mita chache kutoka kwenye kona, na hakujua maua yamekataa wala kwamba kuna mtu amefungwa kwa ajili ya taa yake.

"Papa Cyprien yuko wapi?" Apollinaire alimuuliza. "Nani anakuletea chakula?"

"Papa Cyprien njo alikuwa ananiletea. Sasa maman analeta mwenyewe. Alisema papa Cyprien amekwenda Nyantende, mu mambo ya mahari."

Apollinaire alimgeukia Maman Martine. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa annexe, mguu mmoja peku. Alianza kuongea kabla hajaulizwa, haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo uliokwisha kumkata mabega.

"Nilijua. Siku niliona ile kona haina tumba, nilijua ni taa. Nilimwambia Xavier azime, analia kama mutoto. Nikasema basi, kona moja, si kitu. Kisha ba-maman wa parokia wakakuja kuchagua maua ya makaburi. Mumoja akauliza, huku kuna taa gani ya usiku? Anajua maua, yule. Akaanza kuangalia kule nyuma. Nikasema hapana, ni sentinelle, amemwaga dawa. Neno ilitoka yenyewe, inspecteur. Nilifikiri itaishia pale. Wao njo walikuita, na wewe ukakuja na gari."

"Na pompe?"

"Ni mimi nilimupa. Ya kuua majani mu njia."

"Na Cyprien alijua Xavier yuko hapa."

"Aliniapia hatasema." Sauti yake ilishuka hadi ikakaribia kupotea. "Mulimuuliza kama kuna mutu mwingine, akasema hapana. Alikuwa anafunika aibu yangu. Na mimi nikamuacha."

Wazee husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Cyprien alikuwa mwosha, na kwa uaminifu wake walimvika yeye sanda. Apollinaire alitamani kumkaripia yule mama, alikuwa na haki na cheo cha kufanya hivyo, lakini kila neno kali lililofika kinywani mwake lilimtazama kwanza yeye. Mama alisema uongo mmoja kwa hofu. Yeye ndiye aliyeupakia kwenye gari ya serikali akautembeza sokoni.

"Maman amefanya nini?" Xavier aliuliza. Aliangalia kamba, akaangalia kupitia mpasuko lile pipa na yale maua ya manjano nyuma yake, kisha akaitazama taa mezani kwake. Ilichukua muda, lakini maana yake ilimfikia. Aliingia ndani, akazima taa, akatoka na viatu mkononi.

"Twende," alisema.

"Xavier, mutoto wangu, batu watakuona," mama alisema.

"Wanione, maman."

Apollinaire alimfungulia mlango wa mbele wa pick-up. Xavier aliupita, akapanda nyuma, akakaa chini kwenye bati pale alipokalishwa Cyprien. Maman Martine alisimama kidogo akitazama barabara inayoshuka sokoni. Kisha akashika ubavu wa gari, na Charlène akamsukuma mgongoni mpaka naye akapanda. Apollinaire akampa dereva neno, akapanda nyuma pamoja nao. Safari hii hakumwambia aende polepole, lakini soko lilikuwa limejaa na gari haikuwa na la kufanya.

Kelele za wauzaji zilikatika meza kwa meza. Mwanamke wa mihogo alisimama na kisu hewani. "Si Xavier huyu? Xavier wa Ulaya?" Kijana aliitikia kwa kichwa, akawaamkia mmoja mmoja kwa majina, jasho likimtoka ndani ya sweta. Mama yake alikuwa ameinamia magoti. Pale kwenye sambaza Apollinaire aligonga bati, gari ikasimama.

Elodie aliwaona, akakamata kitenge chake, lakini mara hii hakujifunika.

Maman Martine alishuka. Ilimbidi ashuke kinyumenyume, na hakuna aliyecheka. "Elodie," alisema, na soko lote likasikia, "baba yako hakufanya kitu. Ile neno nilisema ilikuwa ya uongo. Nilikuwa naficha mutoto wangu."

Elodie alimtazama, akamtazama na Xavier, akamaliza kwa Apollinaire. Macho yake yalikaa kwake muda mrefu kuliko kwa wote.

"Hii maneno, maman," alisema, "mutakuja kuisema samedi, siku ya mahari. Mbele ya bakwe. Na papa inspecteur naye akuje, aseme yake."

"Nitakuja," alisema Maman Martine.

"Nitakuja," alisema Apollinaire. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na sauti yake ilitoka kama ya mwanafunzi aliyeshikwa na mwalimu.

Elodie aliacha sambaza zake kwa jirani, akapanda gari pamoja nao.

Mlango wa cachot, chumba cha mahabusu pale kituoni, ulikuwa mzito na chini yake ulikwaruza saruji, hivyo yeyote aliye ndani alijua mapema kwamba unafunguliwa. Cyprien alikuwa amekwisha kusimama. Mwanga ulimpiga, akakinga macho kwa mkono, akatafuta sura moja baada ya nyingine: inspekta, kisha binti yake. Kisha Maman Martine, na nyuma ya bega lake, Xavier na ndevu zake.

Mkono wa mzee ulishuka. Hakuuliza kama yuko huru, wala hakumsogelea Elodie. Alimwangalia Xavier kwa hofu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani akakikuta barabarani, kisha akamgeukia Maman Martine na kuunganisha viganja.

"Maman, si mimi," alisema. "Waulize hawa. Mi sikusema kitu."